Kujitenga Mtoni na Mafunzo ya Kukubali

Katika Mto Colorado, kusini-magharibi mwa Marekani, safari ya boti kupitia korongo la Grand Canyon huanzia Lees Ferry, na korongo lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 446. Wanaokwenda kwa makasia huweza kukaa humo wiki mbili na zaidi, na wengi wao husema wametoka wakiwa na roho mpya. Swali la kujiuliza ni hili: nini hasa kimewafanya upya? Jibu jepesi ni ukimya, uzuri wa mandhari na umbali na watu. Naamini halitoshi. Mto humwondolea mtu mamlaka juu ya njia yake, na nafsi iliyozoea kuamua kila jambo hulazimika kujifunza kupokea. Hapo ndipo roho hufanywa upya.

Huko hakuna ukimya wa kutegemewa. Mikondo mikali kama ile ya Lava Falls hunguruma, ikasikika kabla haijaonekana. Wala msafiri hayuko peke yake, kwani kundi lisilo la kibiashara linaruhusiwa kuwa na watu hadi 16, wanaopika pamoja, kulala pamoja mchangani na kutegemeana kwa uhai wao. Kama kujitenga kungekuwa kukosa watu tu, tusingeweza kuielewa hata itikafu. Mwislamu anayekaa itikafu siku 10 za mwisho za Ramadhani yumo msikitini, na kila sala inamletea majirani. Hata hivyo amejitenga, kwa sababu amejifunga mahali, akaacha soko, shughuli na uhuru wa kutoka apendavyo. Injili nazo zinasimulia kwamba Yesu alipokwenda jangwani kwa siku 40 aliongozwa na Roho. Hakuwa amejichagulia mahali pa kupumzikia. Katika mifano yote miwili, kiini cha kujitenga ni kukubali kufungwa.

Mto hufunga kwa namna yake. Kuta za korongo hupanda zaidi ya kilomita moja, njia za kutokea kwa miguu ni chache, na boti la makasia haliwezi kuupanda mkondo. Hata hivyo kukubali huko si kulegea. Mwaka 1869 mpelelezi John Wesley Powell alianza safari yake iliyompitisha katika korongo hilo akiwa na wenzake tisa na maboti manne. Kila walipofika penye hatari walishuka kuchunguza maji, na mara nyingi waliyashusha maboti kwa kamba badala ya kuyapitisha kwa makasia. Asafiriye mtoni anafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Asichoweza kufanya ni kuchagua maji yaelekee wapi. Wazee wetu wa dini waliifundisha hali hiyo kwa jina la tawakali: timiza lililo lako, kisha matokeo umwachie Mungu.

Wapo watakaopinga kwamba hii ni anasa ya wenye nafasi, tena katika pori lililofanywa tupu kwa kuwafukuza wenyeji wake. Pingamizi hilo ni la kweli. Wahavasupai waliokuwa wakilima katika sehemu moja ndani ya korongo waliondolewa katika miaka ya 1920, na sehemu hiyo ilipewa jina lao mwaka 2022 tu. Wahopi nao wanapaheshimu mahali karibu na makutano ya Mto Little Colorado kuwa ndipo watu walipotokea kuingia ulimwengu huu. Hata maji yenyewe hufunguliwa na kupunguzwa katika bwawa la Glen Canyon. Kwa hiyo anayedai kwamba roho huponywa na pori safi lisilo na mtu, amejenga hoja yake juu ya jambo lisilokuwepo. Lakini hoja yangu haihitaji pori tupu. Inahitaji mtu akubali kwamba njia si yake na mahali si pake, na kuijua historia hiyo kunamfundisha adabu ya mgeni.

Mwingine atasema kwamba ni uchovu tu uliopungua, wala roho haihusiki. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na hakuna ubaya katika pumziko. Tofauti huonekana baadaye. Maisha yametujaza mambo tusiyoyachagua: ugonjwa, wazazi wanaozeeka, jirani mgumu, kifo. Anayerudi akiwa bado anataka kila mtu na kila jambo limtii, amepumzika. Anayerudi akiweza kumhudumia mgonjwa bila kulalamikia ratiba yake iliyovunjika, huyo amefanywa upya. Kipimo hicho kinamhusu pia asiyeweza kamwe kulipia safari ya Colorado. Afungaye saumu kwa nia, akaaye itikafu, aketiye usiku kucha kando ya kitanda cha hospitali bila kujua kutakuchaje, wote wanapewa somo lilelile, na wengi wao walilielewa kabla ya msafiri yeyote wa mtoni.