Mke Mwema Hutafutwa Wapi Mjini?



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, kijana mmoja, fundi wa umeme, alibaki mlangoni pa kanisa hata watu wote wakaisha kuondoka. Alikuja Dar es Salaam kutoka bara miaka minne iliyopita. Ana kazi, ana chumba cha kupanga, na Misa ya Jumapili haimpiti. Akasema: "Padre, kila mwaka mnatuhubiria ubaya wa kukaa na mwanamke bila ndoa. Nimesikia, nami nakubali. Lakini hamjatuambia hata siku moja ni wapi kijana mgeni atakutana na msichana mwema, na akiisha kukutana naye amwambie nini, na ampeleke wapi." Tulimjibu asali sana na kungoja. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Mtu mwenye njaa hukuomba chakula, nawe ukamfundisha ubaya wa wizi tu, hujamsaidia. Leo twataka kulipa deni lile.

Kijana wa kijijini hakuwa na haja ya kuuliza swali hilo. Aliwajua wasichana tangu utoto. Aliwaona shambani, mtoni na kanisani. Shangazi yake alijua nyumba ipi ina upole na ipi ina ugomvi. Akiisha kupendezwa, mshenga alitumwa, na maneno yakasemwa mbele ya wazee. Mjini mambo hayako hivyo. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki mbili. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya milioni tano na laki tatu. Ni ajabu lakini ni kweli: mtu aweza kupanda basi moja na watu mia kila asubuhi kwa mwaka mzima, asijue jina la hata mmoja. Ule wingi wa watu haumwondolei mtu upweke. Na mpweke asiyeonyeshwa mlango mwema huingia mlango wowote ulio wazi, nao mlango wa kilabu cha pombe haufungwi mapema.

Basi na tutazame Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, mtumishi wa Abrahamu alitumwa nchi ya mbali kumtafutia Isaka mke. Naye alikuwa mgeni mjini, kama fundi wetu. Alifanya nini? Alikwenda kisimani wakati wa jioni, saa ambayo wanawake hutoka kuteka maji, akasali, kisha akatazama. Rebeka alipofika alimpa mgeni maji, tena akawatekea ngamia wake kumi mpaka wakatosheka. Na ndugu zake walipokwisha kukubali, Rebeka mwenyewe aliitwa na kuulizwa kama anataka kwenda. Akajibu kwa kinywa chake.

Hapa yamo mafundisho matatu. La kwanza: walikutana mahali pa wazi, penye kazi na watu, wala si gizani. La pili: kilichotazamwa zaidi ni moyo wa huruma usiochoka, uzuri wa uso Rebeka alikuwa nao, lakini sio uliokuwa ishara. La tatu: msichana hakuchukuliwa kama mzigo, aliulizwa. Yakobo naye alimkuta Raheli kisimani, na Musa aliwatetea binti za kuhani wa Midiani kisimani kabla hajapewa Sipora. Kisima ni mahali ambapo watu huja kwa haja ya kweli, na kila mmoja huonekana alivyo.

Je, mjini visima viko wapi? Vipo, ila havina maji ya kuteka. Kiko kwanza Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristu, ambayo Maaskofu wa Afrika Mashariki waliiweka mbele ya kazi zao tangu miaka ya 1970. Humo mtu huonekana akimtembelea mgonjwa, akichanga kwa ajili ya msiba, akibeba viti. Iko kwaya, iko VIWAWA, chama cha vijana wakatoliki wafanyakazi, yako masomo ya jioni na kazi za kujitolea. Ziko nyumba za jamaa: dada aliyeolewa, mjomba, rafiki wa kazini mwenye mke na watoto. Kijana asione haya kuwaambia watu wema: "Natafuta mchumba." Neno hilo si aibu. Lakini asijiunge na kwaya ili kuwinda. Na aingie kuimba. Akionekana mwimbaji wa kweli na mtu wa kweli, atajulikana.

Wengine husema: "Siku hizi watu hukutana kwa simu." Hatulaani simu. Yaweza kuwa njia ya kufika kisimani, lakini si kisima chenyewe. Katika simu kila mtu huonyesha upande auchaguao. Picha haiteki maji. Basi mtu uliyemjua kwa simu, mwone mapema kwa macho, mchana, mbele ya watu. Ukitaka kujua habari zake, ulizia parokia yake, kazi yake, jamaa zake. Na mtu aombaye fedha kabla hujauona uso wake, mwache, hata maneno yake yawe matamu kuliko asali.

Sasa tuje kwenye miadi yenyewe. Msichana akikubali mtembee pamoja, mpango wa siku ile utaonyesha wewe ni mtu wa namna gani. Usimwambie, "Njoo kwangu." Chumba chako si mahali pa kujuana na binti ya watu. Mwambie mapema siku, saa na mahali, na umwache naye aseme neno lake kama pamfaa. Chagua mahali penye watu, pasipokuzidi mfuko. Mji huu unapo pengi. Kijiji cha Makumbusho katika Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za asili za makabila mbalimbali. Hapo mazungumzo hujianza yenyewe, maana kila mtu hukumbuka nyumba ya babu yake, na kwa kusikia habari za nyumba alikotoka utajua nyumba anayotaka kuijenga. Kuna ufukwe wa Coco, penye mihogo ya kukaanga na upepo wa bure. Kuna kivuko cha Kigamboni. Kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, lililokwisha kujengwa mwaka 1902. Mkihudhuria Misa pamoja kisha mkatembea kando ya maji, mmeianza siku vizuri.

Usikope ili kujionyesha tajiri. Msichana akikupenda kwa mkopo, nani atakayelipa mwezi ujao? Tena, chakula na nauli ulivyolipa si rehani ya mwili wake. Wako wanaume wafikirio kwamba waliyempa soda wamekwisha mnunua. Hayo ni mawazo ya soko la watumwa, wala hayastahili Mkristu. Na hapa kwetu jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Basi panga mwanzo wa matembezi mchana, ili msichana afike kwao njia ikiwa bado na watu. Mtume Paulo alimfundisha Timotheo awatazame wanawake vijana kama dada zake, kwa usafi wote. Jiulize: ungependa dada yako arudishwe nyumbani namna gani?

Baada ya miadi michache, sema kweli. Kama unataka uchumba, tamka. Kama moyo wako hauko, tamka pia, usimzuie mwenzio njiani. Uovu mkubwa wa mji huu ni ahadi ya ndoa itolewayo jioni na kusahauliwa asubuhi. Wangapi wameachwa na mimba, kazi imewapotea, nao waliambiwa, "Mwezi ujao nakwenda kwenu"? Ahadi ile si mchezo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1062, haimlazimishi mtu kufunga ndoa kwa sababu aliahidi, maana ndoa yataka hiari. Lakini yakubali kwamba madhara yaliyotokana na ahadi iliyovunjwa yaweza kudaiwa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yamruhusu aliyevunjiwa ahadi kudai fidia mahakamani. Ikiwa serikali yaipima ahadi hiyo kwa uzito namna hii, Mkristu aliyepokea Mwili wa Bwana kwa ulimi uleule ataitupaje?

Nanyi akina dada, mliokuja mjini kwa kazi ya hospitali, ofisi, duka au nyumba za watu, tunajua kwamba wengi wenu mmebeba ada za wadogo zenu na dawa za wazazi. Msichana asiyeolewa si mtu mwenye upungufu, wala hapaswi kupokea kila mkono unyooshwao kwa kuogopa miaka. Mnayo haki ya kuuliza: Kwenu ni wapi? Una mke? Una mtoto, na wamtunza? Je, mapadre wako wakujua? Mwanamume mwema hatakasirika kwa maswali haya; akasirikaye amekwisha jibu. Na akikupa sharti la kwanza kwamba jamaa na marafiki zako wasijue, fahamu kwamba ameacha kisima, ametafuta giza.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akipata mchumba kwa adabu, akatuma barua ya posa, hupelekewa hesabu ya mahari inayotisha; tena kamati hukaa kuchangisha fedha za sherehe ya siku moja iliyozidi kipato cha miaka. Vijana hukata tamaa, wakaamua kukaa pamoja bila Sakramenti, kisha sisi twashangaa. Mahari ni shukrani na heshima kati ya nyumba mbili. Ikigeuka bei, imekwisha potea. Sheria ile ya mwaka 1971 yenyewe yasema kwamba mahari kutolipwa hakubatilishi ndoa. Mzazi aliyemfungia binti yake mlango wa kanisa kwa ajili ya fedha atalijibu hilo mbele ya Mungu.

Na sisi mapadre na wakuu wa parokia? Twafungua ukumbi kwa harambee na kwa mikutano ya kamati. Je, twaufungua jioni moja kwa vijana, wakae, wanywe chai, wajuane mbele ya watu wazima walio na ndoa njema? Wosia wa Papa Yohane Paulo wa Pili juu ya familia, wa mwaka 1981, wafundisha kwamba maandalio ya ndoa huanza tangu utotoni nyumbani, yakaendelea katika ujana, hata karibu na arusi. Sisi mara nyingi tumeanza wakati wachumba wamekwisha chagua siku ya matangazo. Hapo tumekuja kuchimba kisima msafiri akiisha kuzimia.

Bwana wetu mwenyewe alikaa kando ya kisima, kule Samaria, jua la mchana likiwaka. Alikuja mwanamke aliyekwisha kuwa na waume watano. Bwana alimwomba maji, akamsikiliza, akamwambia kweli, wala hakumdharau, wala hakumtamani. Na mwanamke yule alirudi mjini akiwaita watu kwa furaha. Mwanamume ajifunze hapo namna ya kuzungumza na mwanamke.

Yule fundi wa umeme, kama gazeti hili litamfikia, na ajue kwamba aliuliza vema, nasi tulijibu kidogo. Aendelee kusali, kama tulivyomwambia. Lakini mtumishi wa Abrahamu alisali akiwa amesimama kisimani. Basi na aje Jumamosi kwenye jumuiya yake. Nasi mapadre, kabla ya Kwaresima ijayo, tufungue ukumbi.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee vijana wote wa mji huu. Amina.