Ujira na Bakshishi

Katika miji yetu ni desturi mtu aliyemchukulia msafiri mzigo kupewa senti kidogo juu ya ujira wake, naye hushukuru, wala hakuna aonaye neno baya. Hapa twataka kuuliza jambo lililo gumu zaidi. Je, ni haki mtu kuwekwa katika kazi ambayo riziki yake hutegemea fadhili za yule anayemtumikia? Kwa miaka mingi swali hili liliwakalia watu weusi waliotumika katika treni za Marekani, na aliyelishika kwa nguvu ni Asa Philip Randolph.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Baada ya vita vya 1861 hadi 1865, vilivyokomesha utumwa katika nchi ile, tajiri mmoja aitwaye George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala, yenye vitanda na mazulia. Aliajiri watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzi tu, ili watandike vitanda, wabebe mizigo, na kung'arisha viatu usiku wenye viatu wakiwa wamelala. Abiria hawakujisumbua kumwuliza mtumishi jina lake. Walimwita "George" tu, kwa jina la tajiri, kama mtumwa wa zamani alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Na tangu 1897 hata 1911 rais wa kampuni hiyo alikuwa Robert Lincoln, mwana wa yule Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa. Msomaji na apime mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1920 mshahara ulikuwa dola 67 na nusu kwa mwezi, kwa kazi ya karibu saa 400. Katika fedha hizo mtumishi alijinunulia chakula chake, na hata dawa ya kung'arishia viatu vya watu wengine. Kampuni ilijua ya kuwa fedha hizo hazitoshi. Upungufu iliuachia bakshishi.

Ubaya wenyewe ndio huu. Mwenye kudai ujira husimama wima, maana kazi ameifanya, na akinyimwa ana neno la kusema. Mwenye kungoja bakshishi hana neno. Hucheka anapotukanwa, huitika jina lisilo lake, kwa kuwa abiria akikunja uso watoto watalala njaa. Mtu aweza kutujibu kwamba zawadi ni jambo jema, nasi tumelelewa kutoa na kupokea kwa mikono miwili. Ni kweli. Walakini zawadi ikiwekwa mahali pa ujira huacha kuwa zawadi. Hata mtoaji hudanganyika: adhani ametenda wema, kumbe amelipa deni la kampuni.

Randolph alizaliwa 1889 katika jimbo la Florida, mwana wa mhubiri wa kanisa la Methodist la watu weusi, ambaye alikuwa pia fundi wa kushona nguo. Mwana hakufuata njia ya mimbari, jambo ambalo gazeti la namna hii haliwezi kumsifia, lakini sauti ya mimbari haikumtoka. Alikuwa mhariri huko New York, wala hakupata kutandika kitanda cha abiria hata siku moja. Basi kwa nini watumishi wa mabehewa walimwendea yeye? Kwa sababu kampuni haikuweza kumfukuza kazi ambayo hakuwa nayo. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarehe 25 Agosti 1925, katika mtaa wa Harlem, chama kilianzishwa.

Mwaka 1927 chama kiliishtaki desturi ya bakshishi mbele ya tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo. Mwaka uliofuata tume ikasema haina mamlaka juu ya neno hilo. Mwaka huo huo wa 1928 mgomo ulitayarishwa, naye Randolph akausimamisha kabla haujaanza, akiona hautashinda. Wengi walimwacha. Hata kufika 1933 wanachama walikuwa 658 tu. Nyumbani kwake riziki ilitoka kwa mkewe, Lucille Green, aliyepata kuwa mwalimu, kisha akafungua duka la kutengeneza nywele.

Hapa twaulizana neno jingine: kiongozi ana haki gani kuwaambia wenye watoto wahatarishe mkate wao, hali yeye hana kazi ya kupoteza? Hatuoni jibu jepesi. Watu walifukuzwa kwa kujiunga na chama. Huko Washington, Rosina Tucker alikusanya ada na kuwaficha wanachama nyumbani mwake wakifanya mikutano. Kampuni ikamwachisha mumewe kazi. Mama huyo akaenda ofisini mwenyewe, akamwambia msimamizi kwamba mambo yake yeye hayaihusu kampuni, na mumewe akarudishwa. Wengine hawakurudishwa.

Sheria ya 1934 iliwaingiza watumishi hao katika haki za wafanyakazi wa reli. Mwaka 1935 wakapiga kura, na chama kikashinda. Tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu siku ile ya Harlem, kampuni ilitia sahihi mkataba. Saa za kazi zilishushwa hadi 240 kwa mwezi na mshahara ukapandishwa. Mambo makubwa aliyofanya baadaye, hata maandamano ya Washington ya 1963 alipokuwa na umri wa miaka 74, yataka makala nyingine. Alifariki 1979.

Bakshishi hazikukoma. Abiria waliendelea kutoa, na watumishi waliendelea kupokea na kushukuru. Lakini abiria aliyeshuka bila kutoa kitu hakuwa tena ameondoka na kodi ya nyumba ya mtu.