Fungu la Mama Mwenye Mimba na Mtoto Mdogo

Liko swali moja ambalo twapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu, wala si swali la wanawake peke yao. Mama akichukua mimba nyingine hali mtoto wake angali ananyonya, na yule mtoto akaanza kudhoofika, kosa ni la nani?

Jibu la majirani twalijua sote. Wasema mtoto amebemendwa, maana yake wazazi wamemharibu kwa kukaribiana kabla ya wakati. Mama akisikia neno hilo huinamisha kichwa. Humwachisha mtoto ziwa siku ile ile, kwa kuwa ameambiwa maziwa yake yamekuwa sumu. Tena hampeleki zahanati upesi, kwa sababu aona haya. Hivyo aibu yamnyang'anya mtoto maziwa na dawa pamoja.

Basi, na tuchunguze. Katika mwaka 1935 daktari mwanamke, jina lake Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na mikono, na ngozi yao kuharibika. Jina la ugonjwa alilipata kwa wenyeji wa kabila la Ga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake ajapo. Wenyeji wale walikuwa wameona vema wakati ugonjwa unapoingia. Lakini daktari yule alitazama na chakula, akaona kwamba watoto wale walilishwa mahindi, karibu bila kitu kingine. Maziwa yalikoma, wala hawakupewa cho chote cha kushika mahali pake.

Twadhani hata neno letu la kubemenda limeona wakati sawasawa, bali limekosea sababu. Maziwa ya mama mwenye mimba hayageuki sumu. Mama mwenye afya, ambaye mimba yake haina hatari, aweza kuendelea kunyonyesha; na aliye na shaka na amwulize mkunga. Walakini maziwa huweza kupungua, kwa hiyo chakula cha mtoto hakina budi kuongezwa. Na mtoto aliyekwisha kuvimba miguu apelekwe hospitali siku ile ile, bila kungoja mashauri ya ukoo.

Sasa tuingie jikoni. Huko Uchagani iko desturi njema ya kumtunza mzazi: kwa muda wa miezi kama mitatu hupewa mtori, nyama na maziwa, naye hupumzika. Twaisifu desturi hiyo. Lakini mama yule yule, akiwa na mimba ya miezi saba na mtoto mgongoni, mara nyingi twamkuta akipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Na jioni hula mwisho, yale yaliyosalia chunguni. Je, heshima ya mama huanza siku ya kuzaa tu?

Huenda baba mmoja akajibu, “Mimi ndimi nifanyaye kazi, nikianguka, nani atawalisha?” Neno lake si la upuuzi. Lakini na ahesabu kazi ya mkewe. Mwili wake waumba mtoto mmoja, wamnyonyesha wa pili, na bado walima shamba na kuteka maji. Aliye na kazi tatu hawezi kupewa fungu la mwisho, tukaiita hiyo haki.

Wala hatusemi ale chakula cha watu wawili. Yatosha aongezewe kidogo, na chakula kiwe cha namna nyingi: pamoja na ndizi au ugali apate maharage, dagaa, maziwa, mboga za majani na matunda. Ameze vidonge vya kuongeza damu apewavyo kliniki. Chai asiinywe pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vema. Na udongo, ambao wengi huutamani wakati wa mimba, auache. Wengine humkataza mayai, wakisema mtoto atazaliwa hana nywele. Sisi hatujaona bado yai lililomnyoa mtoto. Tumeona nyumba ziuzazo mayai yote kupata fedha ya sukari.

Na yule mdogo apewe bakuli lake mwenyewe. Akiketi kwenye sinia moja na kaka zake, mkono wake hufika wa mwisho. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara tatu au nne kwa siku. Uji wake utiwe maziwa au karanga zilizosagwa laini, na maharage yake yapondwe. Mtu mmoja na aketi naye mpaka amalize.

Tena liko jambo la baba na mama pamoja. Waganga wa siku hizi washauri kwamba baada ya kuzaa ipite miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Baba afuatane na mkewe kliniki, wakapate shauri wote wawili, maana mimba si ya mmoja, na lawama isiwe ya mmoja.

Basi, tukiulizwa tena kosa ni la nani, twajibu: nyumba isijitafutie mkosaji kabla haijatazama jinsi igawavyo chakula chake. Kila jioni twainamisha vichwa kushukuru kwa ajili ya chakula. Ninyi akina baba, na ninyi walimu mfundishao wengine, mkiisha kusema Amina, mtazame kwanza bakuli la mtoto, kisha sahani ya mama yake. Kama ni tupu, mjazieni kutoka katika yenu.