Tobiti Alipotengeneza Mambo ya Nyumba Yake

Katika Kitabu cha Tobia, sura ya nne, imo habari ya mzee kipofu aliyedhani kwamba kufa kwake kumekaribia. Akamwita mwanawe pekee. Kwanza alimwagiza amzike kwa heshima, kisha amtunze mama yake siku zote wala asimwache. Baada ya maagizo mengine mengi akamfunulia jambo la mali: talanta 10 za fedha alizoziweka amana kwa Gabaeli, huko Rage ya Media. Tena hati ilikuwapo. Kama mzee angalifunga kinywa chake, mali hiyo ingalipotea.

Wala Tobiti hakufa siku ile. Macho yake yalipona, akaishi miaka mingi. Basi wale wasemao huko Butembo na Beni kwamba mwenye kuandika wasia hujiitia kifo, na wasome kitabu hicho mpaka mwisho.

Kifo hakingoji kuitwa. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameuawa mashambani na vijijini mwao. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200 katika sehemu za mashariki ya Kongo. Mgonjwa alitengwa, na wazee hawakuweza kukizunguka kitanda chake ili wasikie neno lake la mwisho. Wangapi walikwenda na siri ya kiwanja, ya deni, ya mzigo uliokwisha lipiwa Dubai! Wafanyabiashara wa Butembo husifiwa kwa kuaminiana bila karatasi. Sifa njema, lakini uaminifu huo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Halafu huja ndugu wa marehemu. Matanga hayajaisha, nao wamekwisha kuuliza funguo. Mjane huambiwa alikuja mikono mitupu. Binti huambiwa shamba si la wanawake. Mababu walimpa mrithi mali pamoja na kazi ya kulea yatima. Hao hutaka mali bila yatima. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 imewapa watoto, wa kiume na wa kike, robo tatu ya urithi, wala wasia hauwezi kuwanyima. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe.

Wasia wenyewe si kazi kubwa. Mtu na auandike wote kwa mkono wake, autie tarehe na sahihi. Au aufanye mbele ya notari au ofisa wa uandikishaji wa raia. Ule wa mdomo hukubaliwa katika hatari ya kufa tu, mbele ya mashahidi wawili watu wazima, na kwa mambo machache.

Lakini liko jambo zito kuliko kalamu, nalo ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Sheria humhesabu kuwa mrithi, iwapo baba alimkubali kisheria angali hai. Baba mwingine humpelekea mtoto huyo fedha ya shule kwa siri, humwungamia Padri dhambi yake, kisha hunyamaza nyumbani miaka 20, akidhani anamhurumia mkewe. Siku ya mazishi mtoto husimama mlangoni, na mjane huitambua sura ya mumewe. Kitubio hudai malipizi, na malipizi ya mtu huyo ni kusema angali ana ulimi: kumwambia mkewe kwanza, ndipo aende kwa ofisa kumwandikisha mtoto.