Nanga na Neno la Amani

Yako maswali ambayo mtu huyajibu upesi wakati wa utulivu, na kwa shida wakati wa vita. Moja ni hili: je, mpiga muziki, mbele ya watu waliokuja kusikiliza tu, ana haki ya kunena juu ya amani?

Wapingao husema kwamba msikilizaji alifuata sauti tamu, hakufuata hotuba. Hoja hiyo yaweza kumfaa mpiga selo wa Ulaya, ambaye sharti autue upinde wake ndipo aseme. Pablo Casals alifanya hivyo New York, tarehe 24 Oktoba 1971, mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa. Lakini katika Karagwe na Kyerwa, nchi ya Wanyambo, muziki wa jadi wenye heshima ni wa nanga, na katika nanga uzi na neno havitengani. Mpigaji husimulia habari za watawala, mashujaa na vita. Aliyekwisha kuwasifu wapiganaji amekwisha kusema juu ya vita. Zamu ya amani ifikapo, hawezi kudai kwamba kazi yake ni nyuzi tu.

Hapa, hata hivyo, pana mwiba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, yakaikalia ardhi iliyo kaskazini ya mto. Daraja la Kyaka likavunjwa. Kama mwimbaji angalisimama siku zile mbele ya mama wa Karagwe ambaye mwanawe yuko jeshini, akamhimiza amani, neno lake lingalikuwa jema? Nathubutu kusema hapana. Mama yule hakuwa na uwezo wa kuvisimamisha vita. Casals alisema na wajumbe wa dola. Tena alikwisha kulipa gharama, kwa kuishi uhamishoni tangu ushindi wa Franco wa mwaka 1939.

Lakini vita vilivuka mpaka. Februari 1979 Masaka ilitekwa na majeshi yetu, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa kwa kisasi; tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Sasa mwenye uwezo alikuwa ni sisi, na neno lile lile, ambalo Oktoba lingalikuwa dhihaka, lilipata mahali pa kusemwa: nyumbani kwetu, mbele ya washangiliaji. Hapo ndipo ingalihitajika nanga yenye ujasiri. Kutoka Murongo, katika Kyerwa, Uganda huonekana ng'ambo ya mto, na watu wa Ankole nao wana nanga.