Shukrani ya Aliyepunguziwa

Anayeshukuru kwa chakula alichopewa hastaajabishi. La kustaajabisha ni shukrani ya yule aliyepunguziwa sehemu yake ili mwingine apate, nayo ndiyo niliyo nayo kwa bibi na babu yangu. Nyumbani kwao, katika mtaa wa wavuvi, walilelewa watoto wasiokuwa na nasaba nasi hata chembe: huyu mamake alikufa uzazini, yule babake alisafiri na jahazi asirudi, na wa tatu aliletwa na jirani jioni moja akae siku mbili tatu, siku zilizodumu hadi alipooa. Sisi wajukuu wa damu tulikaa nao sinia moja, tukiutazama mkono wa bibi ukigawa samaki, na mimi, nakiri, nilihesabu vipande.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautambua ulezi wa watoto wa wenzetu, na maofisini huitwa malezi ya kambo, istilahi isiyo na kosa, ila sikioni mwa mtu wa pwani neno kambo lina uchungu wake. Wazee walisema mwana wa kulea, wakataja tendo. Si kwamba nasaba waliipuuza: Sura ya 33 ya Kurani yaamrisha watoto wa namna hiyo waitwe kwa baba zao, na babu alilishika hilo barabara, kila mmoja akaandikishwa chuoni kwa jina la babake, hata kama baba mwenyewe hajulikani aliko. Jina halikuporwa; kilichotolewa ni wali, nguo ya Idi, na bakora ileile tuliyoipata sisi.

Je, aliyelelewa ana deni? Deni hutaka wawili walioafikiana, na mtoto wa miaka mitatu hakuafikiana na mtu. Ndiyo maana masimbulizi, ambayo Sura ya 2 yasema huibatilisha sadaka, ni dhuluma: humgeuza mlezi kuwa mdai, akatoa hati ambayo mtoto hakuitia sahihi. Bibi sikupata kumsikia akisimbulia, hata siku ile kijana mmoja alipoondoka kwa hasira bila kuaga. Alisema tu kwamba kasahau kofia yake, akaifua, akaiweka juu ya kabati.

Basi pasipo deni, shukrani yasimama juu ya nini? Waarabu wa kale, ambao neno lenyewe tumelipokea kwao, walimwita mnyama shakuri akinawiri kwa malisho machache. Shukrani yake ilionekana mbavuni, si ulimini. (Punda wetu, mwenye fadhila za mateke, hakuwamo katika hesabu hiyo.) Kwa maana hii wale watoto walikwisha kushukuru kwa kukua kwao. Yangu mimi ni nyingine. Lau bibi angaliwalisha wajukuu wake peke yao, nisingalijua kamwe kama alinipenda mimi, au aliipenda damu yake iliyomo ndani yangu. Kipande cha samaki kilichonipita kikaenda kwa mwana wa mtu ndicho ushahidi pekee nilio nao.

Bibi alipofariki, yule kijana, sasa mtu mwenye mvi, alikuja mazikoni, na mama akamtolea kofia. Haikumwenea tena. Aliishika mkononi njia nzima ya makaburini.