Anayembeba Mtoto Naye ni Mtoto

Somo la juma hili: Kutoka 2:1-10

Tunaposoma habari ya Musa ndani ya kile kisafina cha mafunjo, macho yetu yote huenda kwa mtoto mchanga. Lakini kando ya mto yuko mtu mwingine. Dada yake amesimama mbali kidogo, anangoja aone yatakayompata mdogo wake. Sura hii haimtaji jina. Tunalisikia baadaye, katika sura ya 15, anapoitwa Miriamu, mwanamke mzima mwenye tari mkononi. Hapa bado ni msichana tu, na hakuna anayemuuliza kama amekula au kama anaogopa.

Nimemfikiria sana msichana huyo tangu vijana wa parokia waliponiwekea kwenye simu filamu mbili za katuni za Kijapani. Zote ni za studio moja, Studio Ghibli, na zilitoka siku moja, tarehe 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja katika sinema zilezile. Ya kwanza ni Jirani Yangu Totoro ya Hayao Miyazaki, ya pili ni Kaburi la Vimulimuli ya Isao Takahata. Katika kila moja mna ndugu wawili, mkubwa na mdogo wa miaka 4, na mama hayuko nyumbani.

Katika ile ya kwanza mama yuko hospitali. Satsuki, ambaye bado yuko shule ya msingi, ndiye anayeamka kupika na kumfungia baba chakula cha mchana. Anamchana nywele Mei, mdogo wake, anamtuliza, na hata kicheko chake ni cha kumtia mwingine moyo. Siku simu ya maandishi inapofika kutoka hospitali, anavunjika. Analia kwa sauti mbele ya bibi wa jirani, akiuliza itakuwaje mama akifa. Bibi yule anamshika, anamwahidi kwamba hatawaacha peke yao. Na Mei anapopotea njiani, akimpelekea mama hindi moja akidhani litamponya, kijiji kizima kinatoka. Wanaume wanaingia bwawani na miti mirefu kuchokoachokoa matope. Mwishoni Mei anapatikana mzima.

Katika ya pili mama amekufa kwa mabomu yaliyochoma mji wa Kobe mwaka 1945. Baba yuko vitani baharini. Seita, mvulana wa miaka 14, anambeba Setsuko mgongoni mpaka kwa shangazi. Pale kuna tendo moja ambalo sijaweza kulisahau: shangazi anachota uji wa mchele kutoka chungu kimoja. Anawachotea binti yake na mpangaji kutoka chini, palipo na mchele, kwa kuwa wao wanafanya kazi. Seita na Setsuko wanapata maji ya juu. Mchele ule ulinunuliwa kwa nguo za marehemu mama yao. Maneno makali yanafuata, na mvulana anamchukua mdogo wake wakaishi kwenye handaki kando ya bwawa. Setsuko anakufa kwa njaa. Kaka yake anamfuata, sakafuni mwa stesheni ya treni, watu wakimpita.

Hayo hayakuzuliwa hewani. Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi hiyo mwaka 1967, alifiwa na mdogo wake kwa utapiamlo katika vita ileile. Takahata mwenyewe alikimbia mabomu ya Okayama akiwa na miaka 9. Naye Miyazaki alikua na mama aliyelala kitandani miaka mingi kwa kifua kikuu. Ni watu wazima waliokumbuka utoto wao.

Sisi wa Masisi na Walikale tusiwe wepesi kumhukumu shangazi yule. Mapigano yalipoingia Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, na yalipofika Walikale-centre mwezi Machi, waliokimbia hawakupokelewa kwanza na hema. Walipokelewa na watu: mama mwenye watoto sita na shamba asiloweza kufika, aliyefungua mlango akaongeza maji katika sombe. Najua kuna nyumba ambamo sufuria moja ya maharage imegawanywa hivyo mwezi baada ya mwezi, na kuna siku neno kali limemtoka mwenye nyumba. Shangazi yule naye alikuwa na mgao mdogo na midomo mingi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna jirani hata mmoja aliyebisha hodi kumsaidia mzigo ule. Katika filamu ya kwanza bibi hakuwa peke yake, kijiji kilikuwa nyuma yake. Naona hapo ndipo filamu hizi mbili zinapoachana, kuliko hata kwenye vita na amani.

Tazameni basi barabara yetu ya kutoka Nyabiondo kwenda Kashebere. Utamkuta msichana wa miaka kumi hivi na bidoni ya maji mkononi, mtoto amefungwa kitenge mgongoni. Anatembea amejipinda upande mmoja ili maji yakimwagika yasiloweshe mguu wa mtoto. Tunamsifu kwa kusema amekwisha kuwa mama. Ndugu zangu, hajawa mama. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu Septemba 2019, lakini yeye haendi, kwa sababu hakuna wa kumwachia mdogo.

Binti Farao alipomtoa mtoto majini, Miriamu alikwenda akamleta mama, na mzigo ukarudi kwa mtu mzima. Wengi wa watoto wetu hawana mama wa kumleta.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa mashirika ya parokia, ninyi mnaoandika orodha ya familia zilizopokelewa: palipo na watoto bila wazazi, msimwandike mkubwa kama mwenye nyumba. Andikeni jina lake, umri wake, na darasa alilokuwa amefikia alipokimbia. Kisha kila shirika litafute akina mama watatu au wanne watakaopokezana kukaa na wadogo asubuhi, tangu kengele ya shule mpaka saa sita. Orodha hizo nitazipokea Jumapili baada ya misa.